Mzigo Uliofika Kabla ya Kuondoka

Jumanne iliyopita simu yangu ililia. Nikaisogeza mbali na macho mpaka mkono ukaisha, nikasoma: "Mpendwa mteja, mzigo wako umefika. Tafadhali tupe nyota." Mzigo wenyewe ni miwani yangu ya kusomea, niliyoagiza kutoka Eldoret. Sasa niambieni, kama miwani ingekuwa imefika, ningenyoosha mkono hivyo kama fundi anayepima kitambaa cha suruali?

Nikawapigia. Akapokea binti mwenye sauti tamu, akaniita kuka, yaani babu.

"Kuka, kwa mtambo wetu inaonyesha imefika."

"Imefika wapi, mjukuu wangu?"

"Imefika tu."

"Nani kaipokea?"

"Hapa inasema imepokelewa."

"Na nani?"

Nikamsikia akibonyeza-bonyeza. Kisha akauliza kwa upole, "Kuka, kwani wewe uko wapi?"

Mimi! Mimi ndiye nimepotea! Miwani imetulia salama ndani ya mtambo, na mwenye macho ndiye anayetafutwa. Hasira iliyonipanda siku hiyo ingechemsha chai ya harusi nzima, na maji ya kuoshea vyombo yakabaki.

Kwa hiyo nimekaa kuandika, karatasi ikiwa mbali na uso wangu. Ninawaandikia ninyi vijana mnaoajiriwa kwenye kampuni za uchukuzi na maghala, mnaopewa kompyuta siku ya kwanza na kuambiwa mpime utendaji. Mimi nilipima utendaji hapa Kakamega kabla wengi wenu hamjaota meno. Nilianza kama mbeba magunia, nikawa karani wa bohari, nikamaliza nikiwa na meza yangu na kiti kinachozunguka. Diploma yangu niliipata shule ya jioni. Nilikuwa natoka kazini na vumbi la saruji kichwani, hata mwalimu alidhani nina mvi, akanipisha kiti cha mbele muhula mzima. Siku nilipofuzu, madereva wote waliacha kuniita kwa jina la baba yangu. Nikawa Diploma. "Diploma, saini hapa." "Diploma, turubai limepasuka."

Na diploma hiyo, vijana, nusura imfukuzishe kazi dereva bora kuliko wote waliowahi kushika usukani magharibi ya nchi hii.

Aliitwa Lubanga. Mke wake alitoka kwetu upande wa Shianda, kwa hiyo aliniita mulamwa, yaani shemeji, na kila shemeji anajua haki yake ni kutaniwa mpaka kaburini. Alikuwa mtu wa maneno machache na mikono kama makoleo. Alikuwa amebakiza miaka miwili astaafu.

Wakati huo kampuni ilitutumia meneja mpya kutoka Nairobi. Alipenda rangi. Akasema anataka kuona ukutani, kwa mtazamo mmoja tu, dereva gani anafikisha mizigo kwa wakati na dereva gani anachelewa. Mimi, kwa kiherehere cha mtu mwenye cheti kipya, nikasema, "Niachie mimi." Nikatengeneza fomu. Fomu yenyewe ilikuwa na sanduku moja kubwa la kujaza: saa mteja alipogonga muhuri kwamba amepokea. Basi. Saa hiyo ikiwa ndani ya ratiba, dereva anapakwa kijani. Akichelewa kidogo, manjano. Akichelewa sana, nyekundu. Chati nikaibandika nje ya ofisi, kubwa kama mlango wa kanisa.

Mwezi wa kwanza Lubanga akawa mwekundu, na wa pili vilevile. Mwezi wa tatu alikuwa mwekundu mpaka kalamu yangu ikakauka. Na aliyekuwa kijani kibichi miezi yote mitatu ni dereva mmoja kijana tuliyemwita Ndege, kwa sababu alikuwa anaenda na kurudi wenzake wakiwa bado wanafunga kamba.

Meneja akaniita. Mezani palikuwa na barua, imekwisha kupigwa chapa, imebaki saini tu. "Diploma," akasema, "kesho panda lori la huyu mzee. Andika kila dakika anayoipoteza. Nataka barua hii iwe na uzito."

Nikaenda. Nisiwadanganye, nilienda kwa furaha. Nilibeba daftari jipya na saa ya mkono ya kuazima, maana yangu ilikuwa inakaa mbele dakika tisa.

Tulibeba mbegu za mahindi kupeleka Lugari, kwa mwenye duka la pembejeo aliyeitwa Mama Nasimiyu. Ulikuwa msimu wa kupanda, na ninyi mnaijua mvua yetu: mchana ukishafika, haibishi hodi. Tulipofika Malava, Lubanga akasimamisha lori, akashuka, akaanza kuzunguka akikaza turubai kamba moja baada ya nyingine, akibonyeza magunia kwa kiganja. Nikaandika: *dakika kumi na mbili, bila sababu.*

Alipopanda tena akaniona nikiandika, akatabasamu.

"Mulamwa, unaandika sana. Ni mambo ya ile chati?"

"Ndiyo."

"Mimi hiyo chati naipenda," akasema. "Nilimpeleka hadi mke wangu akaione. Nikamwambia, tazama, majina yote hapa ni kijani kijani kama majani ya ng'ombe. Ni mmoja tu amepakwa nyekundu. Soma mwenyewe ni nani."

Vijana, kalamu ilinitoka mkononi ikaingia chini ya kiti. Miezi mitatu! Nilikuwa nimepaka rangi miezi mitatu, na hakuna dereva hata mmoja niliyemwambia rangi zile zina maana gani. Meneja alijua, na mimi nilijua. Waliopimwa walikuwa wanabahatisha tu, na mzee wa watu alikuwa amejivisha taji.

"Mke wako alisema nini?" nikauliza, maana ilibidi niseme kitu.

"Alichinja ingokho," akasema. "Kuku mzima, mulamwa. Tena siku ya kazi."

Sikumwambia. Kimo changu kilipungua kwenye kile kiti mpaka nikawa sioni barabara.

Tulifika dukani kabla ya saa tano, mapema kabisa. Duka lilikuwa limefungwa. Jirani, mshona viatu, akatuambia Mama Nasimiyu ameenda matangani na atarudi baadaye.

"Shusheni tu hapo barazani," akasema. "Si mwenzenu hufanyanga hivyo? Anatupa, anaenda. Hata injini hazimi."

Lubanga akatikisa kichwa. "Mimi nangojanga mwenyewe."

Tukangoja saa mbili na nusu. Mvua ikaja, ikatupiga kama inatudai. Lubanga hakukaa ndani ya rori yake, kama alivyoliita. Aliomba mbao za zamani nyuma ya duka, akazipanga barazani tayari kwa kuingizwa ndani, ili magunia yasiguse sakafu. Mimi nikaendelea kuandika dakika, lakini mkono ulikuwa mzito.

Mama Nasimiyu alipofika, bado na leso ya matanga kichwani, alimsalimia Lubanga kama ndugu. Kisha akaniuliza mimi ni nani.

"Ni shemeji yangu, anafanya ofisini," Lubanga akasema. "Ndiye anaandikanga ile chati."

"Ahaa!" Akanitazama kuanzia viatuni. "Wewe ndiye unaandika huko kwamba tumepokea? Kuja hapa, baba."

Akanishika mkono kabisa, kama mtoto aliyekamatwa na sukari, akanipeleka nyuma ya duka. Palikuwa na magunia kumi na tisa ya mbegu, aina ileile tuliyobeba. Akafungua moja. Mbegu zilikuwa zimeota ndani ya gunia, vijimizizi vimesukana kama nywele, na harufu yake ni ya pombe iliyosahauliwa.

"Hizi zilitupwa barazani siku ya mvua, wiki mbili zilizopita. Hakuna aliyenipigia simu, hakuna aliyebisha. Wakulima wangu wamekuja na ng'ombe wakiwa wameshafungwa jembe, wamerudi mikono mitupu. Wengine wamepanda mahindi ya kula. Sasa niambie, baba, kwenye karatasi yako mimi nilipokea saa ngapi?"

Nilikuwa naikumbuka ile safari. Ilikuwa ya Ndege, na niliipaka kijani mwenyewe.

"Lakini uligonga muhuri," nikasema.

Akaingiza mkono mfukoni, akatoa muhuri. "Muhuri wangu huu hapa. Haujatoka mfukoni."

Hapo ndipo nikakumbuka mkebe wa biskuti.

Niwaeleze. Wateja wetu walikuwa wenye maduka madogo kutoka Musanda mpaka Lugari. Mtu ana duka, ana shamba, ana kanisa, ana matanga, hawezi kukaa mlangoni kungojea lori. Kwa hiyo palikuwa na desturi: mteja aliyetuamini alichonga muhuri wa pili, akatuachia sisi. Mihuri hiyo ilikaa bohari ndani ya mkebe wa biskuti. Dereva akikuta duka limefungwa, anaacha mzigo mahali pa salama, anampigia simu mteja, anagonga muhuri kwa niaba yake. Ilikuwa heshima kubwa, hiyo. Mimi nilitengeneza fomu inayotegemea muhuri, na mkebe uko hatua nne kutoka mezani kwangu!

Aliyenifundisha kazi hii, Mzee Ramadhani wa Mumias, hangefanya upuuzi huo. Alikuwa anaingia bohari na asalaam aleikum kwa watu, nusura aseme na kwa magunia. Hakuamini karatasi kabla hajaweka mkono juu ya mzigo. "Gunia litakuambia," alikuwa akisema, "lishike." Alinifundisha kunusa turubai: likinuka uvundo, limelala na maji, usilifunikie sukari. Alinifundisha kuhesabu magunia kwa punje za mahindi, punje moja mfukoni kwa kila gunia linalopita, kwa sababu kichwa hukatizwa na maneno lakini mfuko haukatizwi. Na jambo moja tulilomcheka sana: siku baada ya kupeleka mzigo, alikuwa anapanda baiskeli kwenda kwa mteja kuuangalia tena. Hadi Shianda! Kwa baiskeli, mwili ule! Alipostaafu, kazi yake ya baiskeli haikupewa mtu. Niliiweka kwenye fomu. Kwa maneno mengine, niliifuta.

Kesho yake nilifika kazini mapema kuliko askari wa geti. Nilichukua vitabu viwili. Kimoja ni faili la fomu zangu, zenye saa ya kupokelewa. Cha pili ni kitabu cha getini, ambamo askari huandika saa kila lori linapotoka. Vitabu hivi vilikaa katika jengo moja miaka yote, na hakuna aliyewahi kuvifungua pamoja. Hata mimi. Diploma!

Nikaitafuta ile safari ya mbegu. Fomu ilisema: zimepokelewa Lugari saa nne na nusu asubuhi. Kitabu cha geti kilisema: lori limetoka Kakamega saa sita na dakika kumi mchana.

Nikasoma mara saba. Nikatoka nje nikarudi, nikasoma tena. Mzigo ulikuwa umefika kabla ya kuondoka.

Sasa chekeni, lakini msicheke kwa sauti. Siku hiyo betri ya lori la Ndege ilikufa, tukalisukuma asubuhi nzima likagoma, mpaka betri ya kuazima ilipoletwa. Tulisukuma nani na nani? Mimi nilikuwa wa pili kutoka kushoto! Nilisukuma lori kwa mabega yangu asubuhi, na jioni nikakaa kwenye kiti kinachozunguka nikalipaka kijani kwa kufika mapema.

Nilimkuta Ndege kantini na chai na mandazi, fomu za siku nzima mbele yake, mkebe wa biskuti kando ya kikombe. Alikuwa anagonga: pa, pa, pa. Shianda, pa. Musanda, pa.

"Ndege, hujatoka hata getini."

Hakushtuka. "Si ulisema unataka saa, Diploma? Nakupatia saa. Kuna siku uliuliza mzigo?"

Nikauchukua ule mkebe.

Nikaenda kwa meneja na vitabu vyote viwili, na mkebe kwapani. Lubanga alikuwa uwanjani anaosha vioo vya lori, anaimba wimbo wa kanisa, hajui kitu. Barua ilikuwa bado mezani. Meneja alikuwa ameshafungua kalamu.

"Umeleta dakika?"

"Nimeleta hizi." Nikamfungulia kurasa mbili, kidole kimoja huku, kingine kule.

Akatazama. "Labda saa ya askari ni mbovu."

"Meneja, hilo lori nililisukuma mwenyewe. Betri ilikuwa imekufa."

"Labda ni kosa la kuandika."

Nikamwaga mihuri mezani. Ilitawanyika juu ya barua, mmoja ukabingirika mpaka sakafuni. "Hawa ndio wateja wako," nikasema, na sauti yangu ilikuwa imepanda hadi makarani wakaacha kupiga chapa. "Wako kwenye mkebe! Unawapima wateja walio kwenye mkebe! Mama Nasimiyu ana magunia kumi na tisa yameoza, na hapa ni kijani. Mzee anayengoja mvuani mpaka mbegu ziingie ndani ya nyumba, huyo ndiye mwekundu, huyo ndiye unamwandikia barua!"

Akageuza fomu yangu mbele na nyuma, kama mtu anayetafuta bei.

"Fomu hii ya ajabu ilitengenezwa na nani?"

Vijana, hapa kuna njia mbili, na moja inapitia dirishani. Nililitazama dirisha.

"Mimi."

"Wewe mwenye diploma?"

"Mimi mwenye diploma."

Akafunga kalamu. Akaikunja barua bila saini, akaitia kwenye droo, kisha akaitoa tena, akanipa mimi. "Basi mfukuze Ndege," akasema.

Nikakasirika upya! Kwa nini tumfukuze Ndege? Alifanya kile tulichokipima, na alikifanya kwa bidii kuliko mtu yeyote. Ukimwambia mtu utampima kwa kelele, usishangae akipiga debe. Nikasema apandishwe lori la Lubanga msimu mzima, angoje naye mvuani. Meneja akakubali, nadhani kwa sababu alitaka nitoke.

Mihuri nilirudisha kwa wenyewe, duka kwa duka. Kwenye fomu mpya nilifuta lile sanduku kubwa, nikaweka swali moja. Siku baada ya safari, karani anampigia mteja simu na kumuuliza: mzigo uko wapi sasa hivi? Haulizi ulifika saa ngapi wala anatupa nyota ngapi. Mteja akijibu "umo stoo, nimeshauza gunia mbili", hiyo ni alama. Akijibu "mzigo gani?", basi vaa viatu uende. Na ukishapata majibu usiyachanganye kuwa wastani. Mbegu zikifika siku mbili kabla duka halijafunguliwa, na nyingine siku mbili baada ya watu kupanda, wastani wako utasema zote zimefika siku yenyewe. Wastani huo haujawahi kupanda shamba.

Leo mna setilaiti. Lori likiingia kwenye duara fulani la ramani, mtambo unapiga kelele kwamba limefika. Ni ule mkebe wa biskuti, ndugu zangu, mmeurusha tu angani! Mnamuuliza nani mzigo uko wapi?

Majibu ya mwezi ule yalipokamilika nikapaka chati upya, na safari hii nilimwita kila dereva nikamweleza rangi zote. Lubanga peke yake sikumwita. Nilishindwa. Ningeanzia wapi, kwenye kuku? Nikampaka kijani, tena cha juu kabisa, maana hakuna mteja wake hata mmoja aliyeuliza "mzigo gani?". Nikarudi kwenye kiti nikiwa nimeridhika kama askofu.

Haikupita nusu saa akasimama mlangoni, kofia mkononi. Sijawahi kumwona na uso ule.

"Mulamwa," akasema polepole, "nimekosea wapi?"

"Hujakosea popote."

"Mbona umeninyang'anya nyekundu yangu?"

Barua ilikuwa ndani ya droo yangu, imekunjwa mara nne, goti langu likiigusa. Nikafikiria maneno yote niliyosomea jioni zile za vumbi la saruji. Kisha nikainuka, nikatafuta kalamu nyekundu, tukatoka pamoja mpaka kwenye chati. Nikapaka juu ya kijani, taratibu, pembe kwa pembe, yeye akinielekeza mahali nilipobakiza. Mwezi uliofuata nikafanya hivyohivyo, na mwezi baada ya huo, mpaka siku aliyostaafu. Na kila mgeni kutoka Nairobi aliyesimama mbele ya ukuta ule akauliza huyu mwekundu ni nani, kwa nini bado yuko kazini, nilimpa jibu moja: panda lori lake, nenda Lugari, ukaulize huko.